Mota Haigongi

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipima injini kwa bisibisi. Aliweka ncha yake juu ya kava la valvu, akaegemeza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, na baada ya kitambo akatamka: "Silinda ya tatu, valvu ya moshi." Tukifungua, mara nyingi ndivyo tulivyokuta. Watu walitoka Mbagala, Tegeta, hata Kibaha, kuja Ilala ili gari lao lisikilizwe na mzee. Sisi vijana tuliotoka VETA Chang'ombe na vyeti vyetu tuliamini ufundi ni sikio, mengine ni mikono tu.

Kisha yakaja magari ya haibridi. Prius ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, lakini kwetu yalifika miaka mingi baadaye, yakiwa mitumba, redio zake zikiongea Kijapani. Hitilafu ikitokea, inawaka pembetatu nyekundu kwenye dashibodi na chini yake inapita sentensi ambayo si mwenye gari wala fundi aliyeweza kuisoma. Tulizikariri sentensi zile kwa umbo: hii ndefu ni ya mfumo wa haibridi, ile fupi ni ya mlango ulioachwa wazi.

Gari la kwanza la namna hiyo kuletwa kwetu na malalamiko ya mota, mzee aliliendea na bisibisi yake. Akaiweka juu ya gia boksi, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Kimya. Mota ya umeme haina valvu, haina ringi, haina tapeti. Ni sumaku inayozunguka ndani ya shaba. Ikiumwa haigongi, na mara nyingi kompyuta hulizuia gari kabla mota yenyewe haijapata nafasi ya kulalamika. Mzee akaifuta bisibisi kwa tambara, akasema, "Hapa itabidi tumhoji mwenyewe."

Alimaanisha mwenye gari. Leo nina vifaa vya kupimia ambavyo mzee hakuwahi kuviota, na bado naona kwamba hitilafu nyingi za mota huanza kueleweka pale kwenye benchi la wateja, kabla boneti haijafunguliwa. Sikio halikufa, ila limehama kutoka kwenye chuma likaenda kwa mtu.

Lakini ili umhoji mtu lazima ujue unatafuta nini. Kwenye haibridi za Toyota, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, ndani ya gia boksi kuna mota mbili. Moja, inayoitwa MG1, inawasha injini na kuzalisha umeme. Ya pili, MG2, ndiyo inayosukuma magurudumu, na ukikanyaga breki inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Katikati kuna gia za sayari zinazogawanya kazi kati ya injini na mota hizo. Hakuna olteneta wala stata ya kawaida. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni ya volti 201.6. Inverta inaupandisha umeme huo hadi volti 500 kwenye kizazi cha pili na 650 kwenye cha tatu, halafu inaukatakata kuwa mkondo wa fezi tatu unaokwenda kwenye mota kwa kebo za rangi ya chungwa. Kila mota ina resolva, kitambuzi kinachoiambia kompyuta sumaku imeelekea wapi, maana bila kujua hilo inverta haiwezi kujua ipeleke mkondo kwenye fezi ipi.

Kwa hiyo mteja akija akasema "mota imekufa", mimi nasikia orodha: mota, kebo, resolva, inverta, pampu ya maji ya inverta, oili, betri kubwa, au ile betri ndogo ya volti 12 ambayo watu wanaidharau. Naanza na hiyo ndogo. Ikichoka, kompyuta za gari zinaanza kusingiziana, kila moja ikiripoti kwamba mwenzake hajibu, na fundi mwenye haraka anaweza kuuza gia boksi kwa kosa la betri ya dukani.

Namba ya hitilafu inayotolewa na mashine inasema kompyuta iliona tatizo kupitia njia ipi. Haisemi nani kasababisha. Nilikuwa na mteja wa Kigamboni, mwalimu, aliyesafiri likizo ndefu na kuliacha gari nyumbani. Aliporudi, gari likawa linawasha taa zote ila neno READY haliji, na bila neno hilo haliondoki. Mashine ilisoma P0A3F, yaani saketi ya kitambuzi cha mota ya kuendesha. Alikopita kabla yangu alikuwa ameshaambiwa anunue gia boksi nzima, na alikuwa anafikiria kukopa SACCOS.

"Mwalimu, gari lilikaa wapi muda wote huo?"

"Uani, fundi. Chini ya mwembe, pembeni ya banda la kuku."

Penye kuku pana chakula cha kuku, na penye chakula cha kuku usiku kuna panya. Resolva ni koili tatu za shaba tu: moja inapokea ishara, mbili zinarudisha majibu, na kompyuta inalinganisha majibu hayo kupata pembe ya sumaku. Kwa sababu ndani yake hakuna vifaa vya kielektroniki, si rahisi ife yenyewe. Nilipima koili zote tatu kwenye plagi iliyo upande wa gia boksi. Kila moja ilitoa ohmu zake chache vizuri. Nikaenda kupima koili hizohizo kwenye plagi ya upande wa kompyuta. Mbili zipo, ya tatu imekatika. Basi ugonjwa uko katikati ya plagi mbili, kwenye waya. Tulifuata mkanda wa waya hadi nyuma ya injini, tukakuta umetafunwa, na vinyesi vyeusi vimelala pale kama ushahidi. Kuunga kwenyewe kulitaka uangalifu, maana waya za resolva husokotwa mbilimbili na kuvikwa ngao ya kuzuia mwingiliano kutoka kwenye kebo kubwa, na msokoto na ngao lazima virudi kama vilivyokuwa. Mwalimu aliondoka na gari lake, na ushauri wa kuhamisha banda.

Mwingine alikuwa akifanya safari za Iringa mara kwa mara. Kila akipanda mlima Kitonga gari linaishiwa nguvu, malori yanampita. Nikamuuliza likipumzika linakuwaje.

"Linapona kabisa, kaka. Naegesha, nanunua mahindi ya kuchoma, nikirudi linapanda."

Mota iliyokatika waya haiponi kwa mahindi. Kinachopona kwa kupumzika ni joto. Inverta ina mzunguko wake wa maji, mbali na wa injini, wenye kopo lake na pampu ndogo ya umeme. Weka gari READY, fungua mfuniko wa kopo, utazame: maji yanatakiwa yachemkechemke kwa msukumo wa pampu. Yake yalikuwa yametulia kama ya mtungini. Pampu ilikuwa imeganda, na kila mlima ulipodai mkondo mkubwa, inverta ilipata moto na kompyuta ikapunguza nguvu ili isiungue. Gari lilikuwa linajilinda, dereva akadhani linakufa. Tena ndani ya mzunguko ule mtu alikuwa ameongezea maji ya bomba, yakaacha utando wa kutu na chokaa. Maji ya bomba ni ya kunawia mikono ukimaliza kazi.

Nafika sasa kwenye hitilafu iliyonifundisha zaidi kuliko zote, ile ya P0AA6: umeme mkubwa unavuja kuelekea bodi ya gari.

Kwenye mfumo wa volti 12, bodi ya gari ndiyo hasi. Kila fundi analijua hilo tangu siku ya kwanza. Mfumo wa volti kubwa hauko hivyo. Chanya yake na hasi yake zote mbili zimetengwa kabisa na bodi. Faida yake ni kwamba uvujaji mmoja peke yake hauwezi kumpiga mtu shoti, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi. Hatari inakuja ukitokea wa pili upande mwingine. Hapo bodi nzima inakuwa sehemu ya saketi. Ndiyo maana kompyuta inapiga kelele mapema, kwa uvujaji ambao dereva hausikii wala hauoni. Magari mengine yanaendelea kutembea hadi ukiyazima, kisha yanagoma kurudi READY.

Kisomaji cha bei nafuu kinachounganishwa na simu kitakuonyesha P0AA6 na kuishia hapo. Programu kamili ya Toyota inaonyesha pia namba ya nyongeza yenye tarakimu tatu, na uamuzi unategemea hiyo. 611 ni eneo la kompresa ya kiyoyozi, 612 ni betri, 613 ni gia boksi na mota zake, 614 ni njia ya mkondo wa moja kwa moja na inverta. Ikitokea 526 peke yake, maana yake uvujaji umeonekana lakini eneo bado halijajulikana. Gari linalitafuta eneo lenyewe kwa kutenga sehemu moja baada ya nyingine na kutazama kama uvujaji unatoweka. Fundi asiye na namba hiyo anabahatisha, na bahati yake inalipiwa na mteja.

Kijana mmoja wa teksi za mtandaoni alikuwa amelipia bahati za watu kadhaa. Huku ameambiwa ni kompresa, kule ni betri, kwingine walifuta namba wakamwambia limepona.

"Pembetatu inawaka saa ngapi?" nilimuuliza.

"Jioni tu, bro. Asubuhi liko freshi kabisa."

"Hata siku isiyo na mvua?"

"Hata jua kali."

Swali la mvua lina sababu. Masika, bonde la Msimbazi likifurika pale Jangwani, yanakuja magari yaliyopita kwenye maji, na uvujaji wake huwa mwingi asubuhi wakati plagi na betri bado zina unyevu, kisha unapungua kadiri vitu vinavyokauka. Huyu alikuwa kinyume chake. Gari lake linaanza zima, linaugua likichoka. Nilipounganisha programu, nikakuta 613.

Kabla ya kugusa kebo za chungwa kuna utaratibu, na kwenye gereji yetu hauna mkubwa wala mdogo. Gari linazimwa, betri ndogo inafunguliwa, plagi ya usalama ya betri kubwa inachomolewa na anayekwenda kufanya kazi anaitia mfukoni mwake, ili asitokee msaidizi mwema akairudisha. Glavu za mpira za volti 1000 zinapulizwa kwanza kuona kama zina tundu. Kisha tunasubiri dakika 10 kapasita za inverta zimalize umeme wake, na hata baada ya hapo tunapima kwa mita kuhakikisha volti ni sifuri. Dogo wetu aliwahi kuona dakika 10 ni nyingi. Nilimpa kiti.

Kwa mota baridi, mega (kipimo cha uvujaji) ya volti 500 kati ya kebo za MG2 na bodi ilisoma mamia ya megaohmu. Safi kabisa. Fundi anayeishia hapo anamrudishia mtu gari, na ndivyo walivyokuwa wamefanya wenzangu. Lakini kijana alikuwa ameshaniambia habari ya jioni. Tukafunga kila kitu, nikapanda naye, tukaingia kwenye foleni ya kutoka Ubungo kuelekea Mbezi, kiyoyozi kikiwaka, simama ondoka, simama ondoka, hadi pembetatu ilipowaka. Tukarudi gereji oili ikiwa bado ya moto, tukarudia utaratibu wote, na kiti cha dogo kikatumika tena. Safari hii mega ilishuka chini ya megaohmu moja. MG1 ilikuwa nzima. Kebo nazo tukazitenga ili kuzitoa kwenye lawama, uvujaji ukabaki ndani ya MG2.

Ni fezi ipi? Mega haiwezi kukwambia. Koili tatu za mota hizi zinakutana mahali pamoja kwa ndani, kwa hiyo ukipima fezi ya U, V au W unapata jibu lilelile. Na kwa kazi hii haijalishi.

Tulipomwaga oili ya gia boksi ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Watu wanafikiri oili ile ni ya kulainisha gia tu. Kwenye gia boksi hizi inaogesha pia nyuzi za mota, inazipoza, na kwa kuwa inagusana na nyuzi zenye mamia ya volti, lazima yenyewe isipitishe umeme. Toyota inataka ATF WS. Nikamuuliza kijana kama oili iliwahi kubadilishwa.

Akakuna kichwa. "Kuna sehemu walibadilisha. Wakasema nyekundu zote ni moja."

Tuliweka oili sahihi kwa kujaribu. Kipimo kilipanda kidogo, hakikufika kwenye usalama. Vanishi ya nyuzi ilikuwa imeshaliwa.

Lipo tatizo jingine la mota ambalo mega hulipita bila kuliona, nalo ni nyuzi za fezi moja kugusana zenyewe kwa zenyewe. Kuelekea bodi hakuna kinachovuja, lakini gari linatetemeka likiondoka na inverta inalalamika kwamba mkondo umezidi. Hapo kinatakiwa kipimo cha miliohmu, kwa sababu mita ya kawaida inaishia kupima waya zake yenyewe. U na V, V na W, W na U: namba tatu lazima zilingane. Zisipolingana, hakuna cha kujadili.

Kutetemeka nako kusikuchanganye. Wengi wanaleta gari wakisema mota inapiga kwikwi asubuhi, dakika ya kwanza tu, kisha linatulia. Waulize kama maji ya rejeta yanapungua. Mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha maji usiku kucha, na injini inawaka ikikohoa. Mota haina hatia.

Na mwenye haibridi ya magurudumu ya mbele asikubali kuvutwa kwa kamba kutoka Chalinze hadi mjini. Sumaku za MG2 ni za kudumu. Magurudumu yakizunguka nazo zinazunguka, na mota inazalisha umeme bila kuombwa na mtu, hata gari likiwa limezimwa. Kama ilikuwa na shoti ndogo, inafika gereji na shoti kubwa. Gari lipandishwe kwenye kareja, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe.

Mota ikithibitika kuwa mbovu, swali linakuwa la pesa. Tuna mafundi hodari wa kusuka mota za pampu na za mashine za kusaga, na wapo waliotaka kujaribu hizi. Mimi siwashauri. Vanishi lazima istahimili oili ya moto kwa miaka, na kuchomoa rota kwenyewe ni hatari: sumaku inavuta chuma kwa nguvu ya kutosha kubana vidole hadi vivunjike, kama huna kifaa cha kuiongoza. Kwa wengi wetu njia inayofaa ni gia boksi ya mtumba.

Za mtumba zimepangwa rafuni kule Shauri Moyo, zimepigwa msasa zinang'aa, na kila muuzaji anaapa ilikuwa inatembea. Huwa naenda na mega yangu, kipimo cha miliohmu, kipande cha waya mnene na kijana mmoja. Napima kwanza uvujaji, kisha fezi tatu. Halafu nafanya jaribio lisilotaka kipimo chochote: kijana anashika tundu la ekseli la upande mmoja lisizunguke, mimi nalizungusha la upande wa pili, na kebo za MG2 zikiwa wazi mzunguko unakuwa mwepesi. Tunaunganisha ncha mbili kwa kile kipande cha waya, nazungusha tena. Mkono unahisi uzito, sumaku inajifunga breki kwa umeme wake yenyewe. Tunahama U na V, V na W, W na U, na uzito unatakiwa uwe uleule mara zote tatu. Ukikosekana mara mbili kati ya hizo tatu, hapo kuna koili iliyokatika. Ukiwa mzito hata kabla hatujaunganisha kitu, ndani kuna shoti. Namalizia kwa kufungua boliti ya oili na kunusa. Wauzaji wamenizoea, wengine wananitolea meza. Asiyetaka kebo zake ziguswe namuaga kwa heri, maana duka la pili liko hatua chache tu.